Kilengeo cha Alby

Merv Tulloch alikuwa fundi wa bunduki pekee aliyebaki katika mji mdogo wa Tuatapere, na hakuwa mtu wa kukubali kosa. Mteja akilalamika kwamba bunduki haipigi sawa, Merv humwambia akapimwe macho.

Lakini Ngaire Hepburn alipoingia karakanani na bunduki ya kaka yake Alby, Merv aliitambua mara moja. Ilikuwa bunduki kuukuu ya jeshi, ambayo Merv aliipunguza mbao kwa mikono yake mwenyewe ili iwe nyepesi ya kuwindia. Alby aliondoka nayo miaka thelathini na moja iliyopita, msimu wa kulungu madume kunguruma. Alimjeruhi dume mmoja akamfuata msituni peke yake, maana huku mnyama uliyemjeruhi humwachi. Hakurudi. Sasa wawindaji wameiokota bunduki chini ya jabali, bila Alby.

"Kilengeo cha mbele hakipo," Ngaire alisema. "Nitilie kingine. Nataka kuingia nayo msituni."

Merv aliutazama mfereji mtupu kwenye ncha ya mtutu, mahali pa kijichuma cha kulengea. Fundi akishakiingiza kilengeo, huchapa nukta pembeni kwa nyundo ili kisitembee, kwani kikisogea kidogo tu risasi humpata mnyama tumboni. Hapa hapakuwa na nukta. Siku Merv alipomtilia kile cha kwanza, Alby alimharakisha, naye Merv akasahau kuchapa. Alikumbuka kesho yake, Alby akiwa ameshaingia msituni, na hakumwambia mtu.

"Kutu imekila," alisema. "Njoo kesho."

Alitia kipya, kikabana kweli, akachapa nukta mbili. Asubuhi alikikuta mezani kando ya jiliwa lililobana bunduki. Nukta zilikuwa pale pale, hazina hata mkwaruzo. Akarudia, akachapa nne. Alipogeuka kumimina chai alisikia kijichuma kikidondoka sakafuni. Karakana yote ilinuka majani mabichi yaliyolowa, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Merv aliogopa, akaogopa hata kugeuka.

Ngaire aliporudi alimkuta amekaa, kilengeo kiganjani.

"Vipi, macho yamekwenda likizo?"

"Hakikai, dada."

"Kwa nini hakikai, Merv?"

Alimtazama, kisha akaitazama bunduki. "Kile cha kwanza sikukifunga. Nilisahau. Na nimekuwa nikikuamkia kila Jumapili miaka yote hii kama sijui kitu."

Ngaire hakupandisha sauti. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na kilengeo kidogo kisicho na kutu, kingo zake zimelainishwa na vidole.

"Nilikiokota njiani siku ya tatu ya kumtafuta," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Akakisukuma mferejini kwa kidole gumba. Merv alikigonga kwa nyundo kukijaribu, akakigonga tena kwa nguvu zote. Hakikusogea. Ile harufu ya majani ilikuwa imekwisha.

"Vaa viatu vya msituni," Ngaire alisema, akimkabidhi bunduki. "Tunakwenda kumtafuta, na wewe utatangulia."