Jinsi Darasa la Tatu Lilivyopunguzwa

Nilimkuta binti yangu mtoni saa nne asubuhi, siku ya shule, ameinama juu ya shimo la mchangani anachota maji kwa kikombe kujaza mtungi. Mimi nilikuwa nimeshuka kufua blanketi. Watoto walikuwa kama thelathini, wote wa darasa la tatu, bila mtu mzima.

"Mwalimu ako wapi?"

"Anafundisha, mwaitu," akaniita mama kwa lugha yetu.

"Anafundisha nani?"

"Wale wa mbele."

Mwaka mzima nilikuwa nimemchapa mtoto huyo kwa kutojua kusoma. Namfungulia kitabu, anaangalia picha, nachukua mwiko. Nilimwita mjinga mbele ya shangazi zake. Kumbe kila asubuhi, majina yakishaitwa, safu za nyuma zinatumwa maji, na yeye aliona ni sifa. Mwalimu aliwaambia wamechaguliwa kwa sababu wako na nguvu.

Nilimwaga ule mtungi. Nikamshika mkono, tukaingia darasani na matope yetu.

Mwalimu, msichana wa rika langu, hakuweka hata chaki chini. "Mama, tangu karo ifutwe niko na watoto zaidi ya mia na madawati ishirini. Wote wakiwa humu hakuna anayesikia. Nilipunguza."

"Kama mahindi? Mche ukipunguzwa unang'olewa, mwalimu. Ulichagua aje?"

"Wale wazazi wao hawakuji mikutano. Hao hawaulizi."

Hapo alinipata. Siku za mikutano mimi huwa nachuma kahawa ya watu upande wa Kangundo.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, naye alicheka kabla sijamaliza kueleza. "Si wewe ndiye ulimaliza fomu four ukarudi kuchuma kahawa? Leo unatufundisha kazi. Hayo maji ni ya kupika githeri ya watoto haohao. Chagua basi, asome ama ale."

"Na watoto wako huko akademi ya kulipia, wanachota mtungi wa lita ngapi?"

Akaniambia nitoke. Nilitoka, lakini nilimtukana mpaka getini, na wa darasa la nane wakanipigia makofi madirishani.

Kesho yake nilikuwa ofisi ya elimu mjini. Karani alisoma barua yangu akasema, "Mama, punguza ukali." Sikupunguza neno. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri. Ilisema hivi:

"Ninashtaki shule kwa kutuma watoto wa safu za nyuma mtoni wakati wa masomo, ili darasa liwe dogo. Ninataka darasa la tatu ligawanywe na liletewe mwalimu wa pili, hata kama nusu watasomea kanisani. Binti yangu hajui kusoma. Nimempiga mwaka mzima kwa kosa lenu, na hilo pia naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Jumatatu ataketi dawati la kwanza na mimi nitasimama kando yake. Anayetaka kumtoa aanze na mimi."