Picha Aliyoiharibu Kasuku

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa na kazi ya kucheka na kulia kwa niaba ya watu asiowajua. Mara tatu kwa siku, Jumapili mara nne. Alikuwa mtafsiri wa picha kwenye ukumbi wa video, na kwa kuwa koo lake liliweza kutoa bibi kizee, jambazi, mtoto mchanga na helikopta bila kupumzika, watu walimwita Kasuku. Jina alilopewa na wazazi wake siku hizi hata mimi lazima nikae kwanza ndipo nilikumbuke.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la saruji. Mabenchi kumi na mawili, feni tatu, inayozunguka moja, na hiyo nayo inazunguka kama iliyolazimishwa. Mbele kuna televisheni kubwa, kando yake kiti kirefu na maiki. Kasuku akikaa pale, mkono wa kushoto unashika rimoti kupunguza maneno ya wageni wa kwenye picha, wa kulia unashika maiki, na yeye anasema badala yao. Maiki aliivika kitambaa, maana ikiwa tupu hupiga pu! pu! kila mtu akitamka kwa nguvu. Mwaka wake wa kwanza kazini dada yangu alichana kipande cha kilemba chake cha kahawia, akaifunga ile maiki kama anavyofungwa mtoto kichwa siku ya baridi. Kitambaa kilifuliwa kila Jumatatu. Sabuni ilikula rangi yote, lakini hakikubadilishwa.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja tu: usiache kimya. Watu hawakutoka kwao kuja kusikiliza feni. Stelingi, yule shujaa wa picha, akinyamaza, Kasuku anamsemea. Adui akipanda ngazi polepole na bunduki, Kasuku anampa ugomvi wa nyumbani: "Nimemwambia mke wangu apike mapema, hasikii, sasa naua watu na njaa!" Ukumbi hoi. Najua nimetoka kidogo nje ya njia, lakini bila hilo hutaelewa alivyoiharibu ile picha.

Haikuwa na bahati tangu mwanzo. Ilikuja ndani ya boksi la dividii za mchanganyiko, jalada limepauka, stelingi hajulikani na mtu. Ni habari ya mji wa miaka ijayo. Vita kubwa imepita, wakubwa wakakaa kikao, wakaona chanzo ni mioyo ya watu: wivu, hasira, mapenzi. Wakapiga marufuku yote kwa pamoja. Kila asubuhi king'ora kinalia, watu wanameza kijiko cha dawa nyeupe, wanakwenda kazini na nyuso kama sahani zilizooshwa. Stelingi ni mpimaji. Anagonga milango, anaweka kiganja kwenye kifua cha kila aliyemo. Moyo ukienda mbio, mwenye moyo anaondoka naye. Na anapigana, jamani! Kuna pigano moja la kwenye ngazi ambalo peke yake lingetosha kujaza ukumbi. Lakini siku moja anamkamata bibi aliyelia kwa kuvunjikiwa kikombe tu. Akirudi kwake anakaa kitandani, anaweka kiganja kifuani mwake mwenyewe. Dakika nzima hasemi kitu. Ndipo anasema neno moja: "Unadunda."

Sasa mpe Kasuku dakika nzima ya kimya uone.

Siku ile, miaka minane iliyopita, aliwaliza wale watu wa kijiko kama wafiwa. Bibi wa kikombe alimfanya atukane serikali hadi ukoo wake. Kimya kilipofika akaruka kitini: "Mama yangu! Unadunda kama ngoma ya harusi! Nani kaalikwa?" Watu walipiga mabenchi kwa kucheka. Ila wiki iliyofuata hawakurudi. Walisema picha haieleweki, watu nyuso mbao halafu midomo inapiga mayowe. Mama Tiketi, mwenye ukumbi, akaitupa dividii chini ya meza ya amplifaya.

Dada yangu alikuwepo, benchi la nyuma. Walipokuwa wanarudi nyumbani akamwambia, "Leo umewakosea wale watu."

"Watu gani?"

"Wa kwenye picha. Wamekatazwa kulia, wewe umewaliza wote."

"Mke wangu, wale wanaigiza tu."

"Na yule bwana aliyejishika kifua? Ungemwacha kidogo."

"Haya. Tutairudia."

Hawakuirudia. Leo kazi, kesho kazi, kisha dada akaanza kuumwa, na mwaka juzi akafariki. Tulimzika saa tano asubuhi. Saa kumi namtafuta mfiwa nyumbani, hayupo. Nikaenda hadi ukumbini, nikasimama mlangoni, nikamsikia yuko ndani ya sauti ya bibi harusi aliyetekwa na majambazi, watu wamevunjika mbavu. Nikageuka. Kwa miaka miwili sikukanyaga pale. Tukikutana njiani nilimpa salamu tu, ile unayompa mtu ukiwa umesimama katikati ya mlango.

Kwa hiyo alipokuja kwangu mwezi uliopita nilishangaa. Sauti yake ilikuwa kama mtu anaburuta kabati.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani kakukaba?"

"Uvimbe kooni. Daktari anasema ni kama punje ya hindi. Jumatatu wananikata."

"Na sauti?"

"Anasema tusubiri tuone. Daktari akikwambia tusubiri tuone, wewe unaelewaje?"

Nilimsogezea kiti. Hakukaa.

"Jumamosi saa nane naonyesha ile picha ya mpimaji. Mama Tiketi nimembembeleza mpaka nimechoka, kanipa saa nane ya jua kali, saa ambayo hata nzi hawaji. Nilimwahidi dada yako. Nataka niiseme sawasawa mara moja, kabla ya Jumatatu. Njoo."

"Nije kucheka?"

"Ukicheka, nimeshindwa."

Jumamosi nilikwenda, nikijiambia naenda kwa ajili ya marehemu. Watu walikuwa kumi na tisa, wawili kati yao wamelala tangu picha iliyotangulia. Mama Tiketi alinishika mkono mlangoni. "Mzee, umepotea! Mwambie shemeji yako atie chumvi, asinifukuzie wateja."

Hakutia. Alianza kwa sauti ileile ya kabati. "Fungua mlango. Simama hapa. Vuta pumzi." Maneno machache, makavu. Mpimaji, bibi, mkubwa wa wapimaji, wote kwa sauti moja iliyochoka, na sijui alifanyaje, kila mara nilijua nani anasema.

Fundi baiskeli mmoja wa benchi la mbele akapaza sauti: "Kasuku! Na wewe leo umemeza kijiko?"

Watu wakacheka. Kasuku hakuacha mzomeaji hata mmoja bila jibu tangu nimjue. Siku hiyo alimwacha. Pigano la ngazi lilipofika akaongeza sauti ya picha, akanyamaza, tukasikia nyayo. Mle ukumbini sikuwahi kusikia nyayo za mtu wa kwenye picha.

Akaja bibi wa kikombe. "Kilikuwa cha mume wangu," alisema Kasuku. Basi, hakuongeza hata nukta.

Kisha stelingi akakaa kitandani, akaweka kiganja kifuani. Ndani ya picha bomba lilikuwa linadondosha maji. Tone. Tone. Feni yetu ikasaga.

"Betri zimeisha?" akauliza fundi baiskeli.

"Nyamaza wewe!" sauti ya mwanamke ikamjibu, na hapo hapakuwa na mtu aliyecheka.

Kasuku alikuwa amefumba macho, midomo imekaribia kitambaa. Aliisubiri dakika ile yote, hadi mimi nikawa nahesabu matone.

"Unadunda," akasema.

Haikuwa sauti ya mpimaji. Nimekula naye meza moja zaidi ya miaka ishirini, sauti ile naijua. Ndiyo aliyoitumia mezani kumwomba dada yangu maji ya kunywa.

Picha ilipoisha watu walitoka bila kusukumana. Fundi baiskeli alisimama mbele ya kiti kirefu. "Picha gani hii? Natoka nimechoka kuliko nilivyoingia." Lakini hakuondoka mara moja, alikaa akijikuna shingo. Mama Tiketi akachungulia. "Wametoka kama wametoka kumwona mgonjwa! Saa kumi uwape ile ya majambazi, baba, na chumvi ya kutosha."

"Sawa, mama."

Tulibaki wawili. Kasuku akafungua fundo la kitambaa, akakivua kwenye maiki, akajifuta uso. Alijifuta muda mrefu sana. Nikajifanya naikagua feni.

"Siku ile ya mazishi, shemeji..."

"Pumzisha koo."

"Nyumbani kila mtu alikuwa ananitazama nitalia saa ngapi. Huku kuna giza, na chochote kinachonitoka watu wanajua ni cha mtu mwingine."

Nikamshika bega.

Saa kumi mabenchi yalijaa. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kakitundika mgongoni mwa kiti, kwa hiyo maiki ilikwenda vitani tupu. "Pu! Pumbavu wakubwa, rudisheni bibi harusi!"

"Kasuku, maiki inatema mate!"

"Inatema kwa sababu mnanuka!" akajibu, koo likikwaruza, na ukumbi ukaanguka.

Safari hii sikuondoka. Nilikaa benchi la nyuma hadi mwisho, nikacheka pia, mara mbili hivi. Jumatatu nilimsindikiza hospitali mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kufua, kitambaa akaniachia mimi. Nilikifua kwa maji baridi, huku tukisubiri tuone kama sauti itarudi. Kimechakaa, ukikikamua kwa nguvu kitakatika.