Misa ya Okito

Hoteli ya Okito ina vyumba vinne tu, na iko peke yake porini, mbali na Kindu, kwenye barabara ya Lubutu. Wageni wote humwita Baba Falone, kwa jina la binti yake.

Jioni moja alimpelekea mgeni wake, mzee Florentin, beseni la maji ya moto akande mguu wake mbovu. Mzee akaanza kusimulia bila kuulizwa.

“Wakati wa vita nilikuwa mugonjwa sana. Kijana mumoja, Okito, alinifunga kwa kamba za mipira nyuma ya baiskeli yake anifikishe Kindu. Karibu na hapa tukasikia masasi ya bunduki. Akakata mipira, akaniangusha kwenye majani nijifiche, yeye akakimbiza baiskeli ili askari wamufuate. Bila shaka walimuua. Mutoto wangu wa kwanza nilimupa jina lake, njo Okito. Kila mwaka ninamuombea misa.”

Okito alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Alikikumbuka kisu alichokatia mipira. Alikumbuka jinsi baiskeli ilivyokuwa nyepesi baada ya kumtupa mgonjwa. Hakuna askari aliyemfuata, wala yeye hakugeuka hata mara moja. Miaka yote hii aliamini mtu yule alifia pale pale.

Akafungua kinywa aseme. Mzee akamshika bega.

“Baba Falone, uko na roho muzuri. Unanikumbusha yeye.”

“Maji yamepoa,” Okito alisema, akaondoka na beseni ambalo bado lilikuwa likifuka mvuke.