Sekunde Mbili za Ukutani

Mama Taulo alikuwa ameshawavuta wanawake watatu kabla jua halijafikia kidirisha cha juu cha chumba cha kubadilishia nguo, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kugoma.

Kuvuta ni kazi isiyoandikwa popote. Nguo ya mbio za kuogelea, ile nyeusi inayobana kutoka magotini hadi mabegani, haivaliki kirahisi. Mtu hutia mguu kwenye mfuko wa plastiki ili kitambaa kiteleze, kisha mwingine humpigia magoti na kuipandisha nguo kidogo kidogo, paja hili, paja lile, mpaka kiunoni. Nusu saa nzima. Ukiharakisha, ukucha hutoboa kitambaa, na lawama ni zako. Na anayepiga magoti ni nani? Ni huyo huyo anayegawa taulo na kupiga deki.

"Polepole, dada," alisema daktari wa meno, mikono yote miwili ukutani. "Mwenye kazi ya kung'oa watu ni mimi."

"Vuta tumbo ndani."

"Hapa lilipo ndipo ndani."

Daktari huyo alikuwa na miezi minne tu majini, na bado aliinua kichwa kama kobe kila alipotaka pumzi. Kwa miaka kumi na tisa Mama Taulo alikuwa amewaona watu wazima wakinunua nguo ya bingwa kabla hawajajua kupumua, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Nani amuulize mshika ufagio?

Lakini siku hiyo naye alikuwa na lake. Yalikuwa mashindano ya watu wazima wasiowahi kushindana, na meneja wa bwawa alikuwa ametamka mbele ya wafanyakazi wote: atakayekwenda na kurudi, mita hamsini, ndani ya dakika moja, ataingia mafunzo ya ualimu wa watoto, awe amesoma au hajasoma. Mama Taulo hakuwahi kukaa darasani. Jina lake aliliandika kwa kuliiga, kama mtu anayechora ua. Mlango mwingine hakuwa nao.

Nafasi ya kwanza ya ualimu ilikwenda kwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Ni Mama Taulo aliyemtafutia kazi hapo. Ni yeye aliyemshika mgongo kwenye maji ya kiunoni, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akaelea. Meneja alipouliza nani anawafundisha wenzake kuelea, wifi ndiye aliyenyoosha mkono. Wifi alikuwa na cheti cha shule. Basi mmoja akavaa filimbi shingoni, mwingine akabaki kukausha maji anayomwaga mwenzake. Fadhila ya punda ni mateke, ndiyo, lakini punda akishakupiga hakuiti wifi.

"Wifi," sauti ilimwita mlangoni. Alikuwa yeye, na mfuko mkononi. "Nimekuletea nguo yangu ya mbio. Itakupunguzia sekunde."

"Ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Wewe zilipungua?"

Wifi alicheka puani. "Mimi ilinibana mpaka nikasahau kuogopa."

Mama Taulo aliitazama nguo. Ni mtego, au ni majuto yaliyochelewa? Siku za nyuma angeligeuzageuza swali hilo wiki nzima. Sasa hata kushuku kulikuwa kumemchosha. Akakaa kwenye benchi, akatia mguu kwenye plastiki, akavuta. Nguo ilipofika magotini vidole vikakataa kabisa.

Wifi akapiga magoti. Mama Taulo aliuona utosi wake kwa karibu, na mvi zilizoanza kuchungulia. Wakavuta wote wawili, bila kusemezana, mpaka jasho likawatoka. Nguo ilikuwa imefika nusu ya mapaja kipaza sauti kilipoita mbio za wasiowahi kushindana.

"Bado kidogo," wifi alisema.

"Vua."

"Utajikosesha bure, wifi."

"Vua. Nimeshachoka kwa kuvaa, nitaogelea kwa mikono ya nani?"

Akatoka na nguo yake ya siku zote, iliyopaushwa na dawa ya bwawa na kushonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine. Wifi akaenda kusimama na saa mwisho wa mstari wake, maana walimu ndio waliopima muda.

Kwenda, alikwenda vizuri. Mikono inayokamua matambara kila siku haiogopi maji. Lakini wafanyakazi waliruhusiwa kuogelea kwa kukatiza tu, upande wa maji mafupi, na kila alipomaliza upana alikuwa akisimama, anageuka, anaondoka. Ukuta wa upande wa kina hakuwahi kuugusa kwa mbio. Alipoufikia, mguu ulitafuta sakafu ukaikosa. Akanywa maji. Akaning'inia ukingoni kama nguo kwenye kamba, ndipo akajisukuma. Aliporudi alimpita daktari, aliyekuwa ameshikilia kamba ya mstari, ndani ya weusi wake wote, akitafuta pumzi.

Alipogusa ukuta wa mwisho, wifi alichuchumaa.

"Dakika moja na sekunde mbili." Kisha kwa sauti ya chini: "Meneja hajaangalia huku. Niandike hamsini na tisa?"

Mama Taulo alishikilia ukingo, kifua kikipanda na kushuka. Nafasi ilikuwa hapo, kwenye ncha ya kalamu.

"Andika ulichokiona. Ukinipa wewe, utaniangalia maisha yote kwa jicho la aliyenipa."

Wifi akaandika.

Daktari alifika kwa kuchelewa sana. "Dada, ungevaa nguo ya mbio ungepata. Si sekunde mbili tu?"

"Na wewe uliyevaa?" Mama Taulo alimuuliza, bila ukali. "Sekunde zangu nimeziacha pale ukutani. Nguo haijui kugeuka."

Meneja alipita, akasema pole, akasema yatakuwepo mashindano mengine baada ya miezi mitatu. Alisema kama mtu anayetaja saa. Mama Taulo alijitoa majini na kujifunga taulo, moja ya zile anazozifua mwenyewe, akasimama mbele ya wifi yake.

"Kesho, kabla hawajafungua," alisema, "uje unifundishe kugeuka."

"Mimi?"

"Si una filimbi?"

Wifi aliangalia chini. "Nitakuja. Na ile nguo?"

"Itunze. Nikishaujua ukuta ndipo tutajua kama ina faida."

Kutoka chumbani sauti ikaita: "Dada, njoo utuvue, hatupumui." Maana nguo ile haivuliki peke yake vilevile. Mama Taulo akaingia, magoti yakagusa sakafu iliyolowa, akaushika mguu wa kushoto wa daktari.

"Shika huo mwingine," akamwambia wifi yake.