Viti vya Nthiwa

Mzee Mwangangi wa Matiliku hakuwahi kukanyaga darasa, lakini mjukuu wake Kanini alikuwa ameitwa chuo kikuu asomee uinjinia wa stima. Kuitwa ni kuitwa tu, karo haikuwepo. Msichana alishinda kwenye saiba ya intaneti pale Sultan Hamud akituma maombi ya ufadhili kila mahali, na nyumbani nyanya yake Kavata akipiga magoti kumwombea. Kavata akaaga dunia kabla jibu hata moja halijafika.

Jibu lilikuja baada ya mazishi. Shirika moja linalosomesha watoto wa sayansi lilisema watu wake wangefika kesho yake kuona boma. Kanini alikuwa Kitui, amefuata cheti katika shule aliyosomea, kwa hiyo simu ikampata mzee.

Mzee akaangalia nyumba yake. Kitanda, meza, na stuli mbili, moja ikiwa ya Kavata. Akakumbuka marehemu alivyokuwa: kwake mgeni haketi vibaya, hata kama wenye nyumba watalala njaa. Akaenda kwa jirani yake Nthiwa.

"Chukua sofa zote, mzee," Nthiwa akamwambia. "Ukikalisha watu wa Nairobi kwa hizo stuli zako, watarudi na vibanzi vya mbao kwa suruali."

Mzee akacheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mkewe. Sofa zikabebwa na vitambaa vyake, na televisheni ikafuata, maana Nthiwa hakuwa mtu wa kusaidia nusu nusu. Mbuzi wa mwisho akachinjwa. Ile stuli ya Kavata mzee aliificha chumbani.

Wageni walikuwa wawili, kijana mmoja na mama mwenye adabu. Walionja nyama, wakatazama huku na huku. Halafu yule mama akauliza polepole, "Mzee, hivi vitu vyote ni vyenu?"

Kavata alizoea kusema kwamba mgeni haambiwi kiti alichokalia ni cha kuazima. Ukimwambia hivyo, ni sawa na kumwinua.

"Ni vya hapa," mzee akasema. "Kaeni tu."

Sofa zilikuwa zimesharudi kwa mwenyewe, na Kanini amerudi kutoka Kitui, alipopigiwa simu na lile shirika. Alisikiliza amesimama mlangoni. Waliona boma lina uwezo, nafasi wakampa mtoto mwenye shida zaidi. Akajaribu kuwaeleza habari ya jirani. Wakamwambia mzee aliulizwa, na alijibu mwenyewe kwa mdomo wake. Kanini akawashukuru, akakata simu.

Hakumgombeza babu yake. Alisema tu, "Umau, si ungewaacha wakae kwa stuli."

"Moja ni ya susu yako," babu yake akajibu. "Singeweza kuona mtu ameikalia."

Jioni hiyo hakuna aliyegusa chakula.

Asubuhi Kanini alifunga mboga kwenye gunia aende kuuza Salama, kando ya barabara kuu. Mzee akaingia chumbani. Akatoka na ile stuli, ameipangusa vumbi kwa shati lake, akaiweka juu ya gunia.

"Nenda nayo," akasema. "Kusimama mchana kutwa si mchezo."