Muosha Vyuma Aliyepoteza Alama za Vidole

King'ora cha zamu ya asubuhi kinalia. Mama Dhahabu anashika fagio kwa viganja, si kwa vidole, na kuanza kusukuma chembe za chuma zilizotapakaa kwenye korido ya kiwanda. Akifika dirisha la chumba cha kuoshea anasimama. Ndani, msichana aliyejifunga kitambaa kichwani anatumbukiza kapu la vyuma kwenye beseni linalofuka mvuke.

Mama Dhahabu anagonga kioo. "Glavu! Zivute juu!"

Msichana anainua mikono kuonyesha kwamba amevaa, kisha anarudi kwenye kapu lake. Ni binti yake wa pekee. Beseni lile lilikuwa la mama mtu hadi mwaka jana.

"Ujana wangu wote umeishia pale," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Leo hata mlango huo siruhusiwi kuusukuma, labda niwe naufuta vumbi."

Kiwanda hiki hakitengenezi vyuma, kazi yake ni kuvivika. Vitoboleo vya bati, biti za keekee za kutobolea na visu vya mashine huletwa hapa kutoka viwanda vingine, huoshwa, kisha huingizwa kwenye tanuri linalofyonzwa hewa yote. Humo ndani madini hugeuzwa kuwa mvuke, na mvuke huo huganda juu ya chuma, ukawa utando wa rangi ya dhahabu, mwembamba kuliko unywele. Chuma kilichovikwa hakikwaruzani ovyo na bati wala hakiliki upesi. Hufanya kazi mara tatu, mara nne ya kile kilicho kitupu. Rangi hiyo ndiyo iliyompa Mama Dhahabu jina.

Sharti la kazi ni moja, na halina mjadala: chuma kikishaoshwa kisiguswe kwa kidole kitupu. Mafuta ya ngozi, hata yale usiyoyaona, yanatosha kuufanya utando usishike. Utabanduka pale pale ulipogusa.

"Wageni wa kazi nilikuwa nawaambia, hapa pua ikikuwasha, iache iwashe," anasema na kucheka, ila kicheko chenyewe ni cha kujilazimisha.

Vyuma vilivyochakaa navyo hurudishwa, vikavuliwa utando wa zamani kwa dawa kali kabla ya kuvikwa upya. Glavu nene zilikuwepo, tena zimetundikwa ukutani zikionekana na kila mkaguzi. Lakini nani angeokota biti nyembamba kama sindano akiwa nazo, na msimamizi yuko nyuma anahimiza? Waoshaji wakavaa glavu nyembamba. Dawa ikapenya. Ngozi ikababuka, ikapona, ikababuka tena, mpaka ncha za vidole vya Mama Dhahabu zikawa laini kama kikombe cha kaure.

"Nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa kidole cha kwanza, cha pili, vyote kumi! Muuza laini akanitolea macho. Akaniuliza, 'Mama, wewe ni mtu kweli?'"

Kazini hakumwambia mtu. Anayelalamikia mikono huondolewa kwenye beseni, na binti alikuwa bado shule. Baba wa mtoto alishajiondokea zamani, hajulikani alipo. Mama Dhahabu akaufyata.

Mwaka jana shehena ya vitoboleo ilirudi kutoka kiwanda cha bawaba. Utando ulikuwa umebanduka na vyuma vimeharibika ndani ya mashine ya mteja. Kimoja kilikuwa na alama ya kidole gumba katikati ya dhahabu, mistari yote ikionekana. Meneja alikiweka mezani, akamwita.

"Akaniambia, 'Mama, umetumaliza. Anayeosha ni wewe, kidole ni cha nani kama si chako?' Nikajua unga umemwagika."

Basi akafanya alichokuwa akikiogopa siku zote. Alibonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino wa mhuri, akalipiga kwenye karatasi mbele ya meneja. Lilitoka doa jeusi tupu. Akafanya hivyo na lile lingine.

"Nikamwambia, baba, tafuta mstari hapo. Ukiupata hata mmoja, nifukuze."

Meneja hakuupata. Kesho yake Mama Dhahabu alikabidhiwa fagio na nusu ya mshahara wake wa zamani. Eti ni mgonjwa, hawezi kuachwa karibu na dawa. "Nimejitetea vizuri mpaka nimejiponza," anasema.

Kidole kilikuwa cha nani? Hakuna aliyeuliza tena. Mama Dhahabu anakumbuka wageni wenye tai waliotembezwa na meneja huyo huyo, wakichukua vyuma kwenye trei kwa mikono mitupu na kuvigeuzageuza. "Ningesema, nani angenisikia?"

Amedai fidia ya vidole, na huko nako anapigwa danadana. Ofisi inamtuma kwa daktari, daktari anamrudisha ofisini, na kiwanda kinadai vidole vimeharibiwa na sabuni ya nyumbani.

"Sabuni ya kufulia! Kwa hiyo mtaa mzima wanawake hawana vidole? Jamani, watu hawa hawana hata aibu."

Alipoulizwa na mwandishi kwa simu, meneja alisema glavu hutolewa kwa kila mfanyakazi, kisha akakata simu.

Nusu ya mshahara haikuwafikisha mwisho wa mwezi. Msimamizi naye akaanza kumuulizia binti, kama amemaliza shule na kama mikono yake ni mizima. Mama mtu aliapa kwamba hilo halitatokea akiwa hai.

"Mwanangu akaniuliza, 'Mama, tutakula kiapo?' Akaenda kulichukua beseni langu."

Jioni, kwenye chumba chao kimoja, anaeleza mpango wake. Fidia ikitoka, binti ataacha kazi siku hiyo hiyo, hata kama ni katikati ya zamu, aende kusomea ufundi umeme alioupenda tangu shule. Kwa sasa humkagua kila anaporudi. Kwa kuwa vidole vyake mwenyewe havihisi tena, hupitisha dole gumba la binti juu ya midomo yake, taratibu, akitafuta kama ile mistari midogo ya alama za kidole bado ipo.

Mlango unafunguliwa. Binti anamsalimia mwandishi, anamwamkia mama, anakaa.

"Lete mkono," mama anasema.

Binti anaiingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya sweta. "Leo acha, mama. Tule kwanza."

Mama Dhahabu anamtazama. Kisha anamgeukia mwandishi.

"Andika kwamba naidai fidia yangu," anasema. "Na uandike haraka."