Gololi Katika Kitenge

Mimi silifungi sanduku la gia kabla mke wangu hajakung'uta kitenge. Wateja wanacheka. Vijana wenye karakana karibu na stesheni wanasema mzee huyu amefungwa kamba na mkewe. Waache waseme. Wao wanapanga vipuri vyao kwenye sinia za chuma, na hawajawahi kupandishwa ndani ya gari ambalo lingewaua kwa kosa la mikono yao wenyewe.

Ufundi niliupata kwenye karakana ya reli. Vita vilipofika Kindu, treni ziliacha kuja, mshahara nao ukaacha kuja, nikaanza kutengeneza magari uani kwangu. Yalikuwa yamebaki machache, karibu yote ya askari. Mafuta ya gia hayakupatikana hata kwa dawa, basi tulitia mawese, tukijua fika kwamba ni dhambi. Asubuhi mawese yanaganda, kwa hiyo ilibidi kuweka makaa ya babula, jiko letu la mkaa, chini ya sanduku mpaka yayeyuke ndipo gia ziingie. Gari zima lilinuka sombe, kama chungu cha kisamvu.

Sinia sikuwa nayo. Mke wangu alinipa kitenge chake chenye maua makubwa, kizuri pekee kilichokuwa kimesalia, akaniambia nisikichafue zaidi ya inavyolazimu. Vipuri vyenye mafuta mengi niliviweka juu ya gazeti, na vidogo nikavipanga juu ya maua, kila ua na kipuri chake. Nikimaliza kufunga, maua yote yanakuwa matupu, nami najua hakuna kilichosahaulika.

Siku moja komanda wa askari alileta pikapu ambayo gia ya tatu ilikuwa inalia vibaya. Nilifanya kazi siku mbili kwa woga, kwa sababu kulikuwa na desturi ambayo mafundi wote wa mji tuliijua: gari la askari likitoka kutengenezwa, fundi anapanda mbele safari ya kwanza. Hawakuhitaji kutueleza sababu.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifunga sanduku, nikatazama maua, nikaona yote matupu. Jirani yetu alikuwa anazikwa siku hiyo, na mke wangu akaja kuchukua kitenge chake akavae. Akakikung'uta mlangoni. Kitu kidogo kikaanguka kutoka kwenye mkunjo, kikabingirika mpaka kwenye mguu wake.

«Papa, hii njo ya nini?» akaniuliza.

Ilikuwa gololi ya chuma ya sanduku la gia. Hukaa ndani ya tundu lake, nyuma yake springi, na kazi yake ni moja tu, kuishikilia gia isiruke. Bila hiyo, ukiachia kijiti cha gia, gia inatoka yenyewe, na kwenye mteremko, kwa breki kama zile, gari linakwenda linakotaka. Sikupata hata nafasi ya kumjibu. Komanda alikuwa ameshaingia uani na watu wake, na mke wangu akaifumbata gololi mkononi.

«Fundi, gari imeisha?»

«Imeisha, shefu.»

«Basi panda mbele. Tunaenda njia ya Kibombo.»

Ningesema ukweli? Kusema kwamba umefunga gari la jeshi na kipuri kimebaki nje ilikuwa sawa na kusema umetumwa na watu wa msituni waliokuwa wakipigana nao. Nilikuwa nimeona mtu akichukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikapanda. Komanda na wenzake wakakaa nyuma na bunduki zao.

Dereva alikuwa mtu mzima, kimya, Kiswahili chake si cha kwetu. Tulipomaliza nyumba za mwisho akatia gia ya tatu, akaachia kijiti, na kijiti kikaruka. Akatia tena, kikaruka tena. Akanitazama.

«Iko nini humu, papa?»

«Gololi moja imebakia ku nyumba.»

Aliangalia kwenye kioo, kule nyuma walikokaa wakubwa wake. Nilijua kwamba akisimamisha gari nimekwisha.

«Shika wewe,» akasema polepole. «Mimi nitakanyaga ambreyaji. Usitoe mukono.»

Akawa anakanyaga klachi, nami nikakishika kijiti kwa mkono wa kushoto, maana kwetu dereva hukaa kushoto, kwenda na kurudi, kila kilima na kila mto. Komanda alipogonga bati kutuhimiza nilidhani ameona. Mkono ulikufa ganzi nami sikuthubutu kuubadilisha. Kesho yake dereva alirudisha gari peke yake, akidai mafuta yanavuja, nikaiweka gololi mahali pake. Baadaye kikosi kile kilihamishwa, na sikumwona tena yule mtu.

Lakini jioni ile ya safari, niliporudi, nilimkuta mke wangu amekaa mlangoni, bado amevaa kitenge. Akafumbua mkono. Gololi ilikuwa imemwachia alama ya duara katikati ya kiganja. Alikuwa amekwenda nayo mazikoni, akawapa watu wote pole kwa mkono mmoja. Nikamsimulia jinsi nilivyokishika kijiti njia nzima. Halafu akanigombeza kwa sababu ya doa la mafuta kwenye kitenge.

Tangu hapo anakung'uta yeye. Kitenge kimekuwa tambara, kina mafuta halisi ya gia siku hizi, na maua hayaonekani vizuri. Nami bado napanda kila gari safari ya kwanza, ingawa hakuna anayenilazimisha. Mke wangu ananicheka kila mara, ananiambia vita vilikwisha zamani.

Wiki iliyopita binti yetu wa Kibombo alikaribia kujifungua, na mama yake akapata nafasi kwenye pikapu ya jirani, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeifungua na kuifunga. Alikikung'uta kitenge mara mbili. Hakikuanguka kitu. Hata hivyo nikafungua mlango wa mbele, nikaketi.

«Toka, papa. Nafasi njo moja, na si wewe unaenda kushika mutoto.»

Nikatoka. Akakaa mbele, akaweka kifurushi chake magotini, akanicheka tena. Gari lilipokata kona nilimwona kupitia dirishani. Kicheko kilikuwa kimekwisha, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekishika kijiti cha gia. Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu ambaye sikushuka kwenye gari lile.